Umebakiza Jina Tu

Ndugu msomaji, nimekuwa kimya kwa muda. Sisi waandishi tukinyamaza huwa kuna sababu mbili: ama hatuna cha kusema, ama tunacho na kinatutisha. Yangu ni hii ya pili. Nilikuwa nyumbani, Nyakisasa, wilayani Ngara, kwenye msiba, na nimerudi na jambo ambalo nisipoliandika halitaniacha nilale.

Tahadhari moja kabla sijaanza. Watu nitakaowasimulia hawana majina humu, na nimebadili alama zao: kazi, mtaa, mwezi, hata udugu wao. Wa kwanza kuisoma makala hii ni yule inayemhusu. Alitaka sentensi mbili zitoke, zikatoka. Kwa nini nimejisumbua hivyo, utaelewa mbele ya safari.

Mwanzoni mwa 2023 nchi nzima ilikuwa inazungumzia ushoga. Misikitini, makanisani, bungeni, kwenye daladala, kila mahali ni hilo. Mimi nilikuwa bado mgeni kwenye chumba cha habari, cheti cha chuo kikuu bado kinanukia karatasi mpya. Mhariri wangu akaniita. “Kijana, nitafutie stori ya hawa watu. Lakini iwe na nyama.” Mwandishi mchanga akiambiwa nyama hauliizi ni ya mnyama gani. Nikaenda.

Nikaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja. Nilizungumza na mwenye nyumba wake. Nilizungumza na balozi wa nyumba kumi. Nilizungumza na mama muuza vitumbua wa pale kona, ambaye aliniambia kwamba yule fundi ni mtu mpole, hana deni na mtu, ila “ndiyo hivyo tena.” Nilizungumza na watu sita. Yeye mwenyewe sikuzungumza naye. Nilimwona mlangoni kwake akipima suruali ya mteja, nikapita kama sijamwona.

Stori ikatoka. Jina hatukuliandika, maana sisi ni watu wa maadili. Tuliandika ile sentensi yetu ya kila siku, kwamba jina lake tunalihifadhi. Kisha tukaandika kazi yake, mtaa wake, namna anavyonyoa nywele zake na rangi ya mlango wake. Mhariri akanipigapiga begani. Gazeti liliisha mapema siku hiyo.

Wiki iliyofuata nikarudi kule kutafuta mwendelezo. Mama wa vitumbua hakunisalimia vizuri. Akaniambia fundi amehamishwa usiku. Cherehani yake ilitupwa nje, ikanyeshewa hadi asubuhi. Ameelekea wapi? Hakuna anayejua. Nilinunua vitumbua vinne nisivyovihitaji nikaondoka.

Siku mbili baadaye simu ikaita. Alikuwa rafiki yangu wa Nyakisasa. Huyu nimekaa naye dawati moja shule ya msingi, nimechunga naye mbuzi, na siku nilipojikata mguu kwa jembe ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi kwenye zahanati. Sasa naye alikuwa mjini anahangaika na maisha kama sisi wote.

“Kaka, nimesoma stori yako.”

“Umeionaje?”

“Umebakiza jina tu.”

Nikacheka, nikidhani ananitania.

“Kazi umetaja,” akaendelea. “Mtaa umetaja. Nywele umetaja. Mlango umetaja. Sasa hilo jina mlilolihifadhi la nini?” Akanyamaza kidogo. “Na mimi niko hivyo hivyo, kaka. Tangu tuko darasa la sita najijua. Siku ukiniandika mimi, utabakiza nini?”

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa haujasumbua hata kidogo. Ilinichukua wiki tatu kumpigia. Naandika hili kwa aibu, lakini naliandika.

Katika wiki zile tatu nilifanya kile tunachofanya wasomi tukibanwa: nikaenda kusoma. Nikaanza na maneno. Nikajiuliza, kama ningetaka kumwandika yule fundi kama mtu, ningemwita nani? Kiswahili chetu ni kipana, kina neno la kila aina ya mashua na kila hatua ya nazi tangu kidaka hadi kukauka, lakini kwa huyu maneno ya mtaani karibu yote yameshakuwa matusi. Hata hilo neno shoga halikuanza hivyo. Pwani hadi leo mwanamke humwita rafiki yake wa kike “shoga yangu,” na hakuna anayegeuka kutazama. Neno la urafiki tumelichukua tukalifanya jiwe. Wengine sasa wanajiita wapenzi wa jinsia moja, neno refu la kwenye semina, lakini angalau halimpigi mtu.

Kutoka kwenye maneno nikafika kwenye orodha. Hapo ndipo nilipojikuta nyumbani kwetu.

Wewe ambaye hujafika Ngara, ngoja nikueleze. Ng'ambo ya mto ni Rwanda, upande mwingine ni Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja tu, wakaingia wilayani kwetu. Ndiko ilikozaliwa kambi ya Benaco. Walikuwamo waliokimbia kuuawa na walikuwamo waliokimbia baada ya kuua. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimekua nikisikia wazee wakisimulia maiti zilizopita mto Kagera zikielekea ziwani. Na kila wakisimulia, hawasahau redio na karatasi. Redio RTLM ilisoma majina ya watu hewani. Gazeti la Kangura liliyachapisha. Tarehe 3 Desemba 2003, hapo hapo Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo hivyo: Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa iliondoa baadhi ya makosa na kuwapunguzia adhabu, lakini walibaki na vifungo vya miaka 30, 32 na 35. Ngeze alikuwa mhariri. Mtu wa kazi kama yangu.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba stori yangu ya fundi cherehani ni sawa na mauaji ya kimbari. Nikisema hivyo nitakuwa nimewatukana marehemu wa ng'ambo. Nasema tu kwamba mtoto wa Ngara ana sababu kuliko wengine ya kuogopa karatasi inayosema: fulani anakaa pale, yuko hivi, mtazameni.

Karatasi hiyo imeshaonekana tena kwa majirani zetu. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala, lililojiita Rolling Stone bila kuhusiana na lile la Marekani, lilichapisha picha na majina ya watu lililodai ni mashoga, likaandika wanyongwe. Mwalimu David Kato, ambaye sura yake iliwekwa ukurasa wa mbele, alikwenda mahakamani pamoja na wenzake wawili, wakashinda. Tarehe 26 Januari 2011 Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Kijana aliyemuua alifungwa miaka 30, na polisi walisema kisa chenyewe hakikuhusiana na gazeti. Sawa, mimi si mpelelezi. Lakini kama ningekuwa mhariri wa gazeti lile, nisingelala vizuri usiku ule wala uliofuata.

Na kwetu? Tarehe 29 Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wamletee majina. Siku chache baadaye alisema ameshapokea maelfu ya ujumbe. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake, si msimamo wa serikali. Sisi wanafunzi wa uandishi wakati huo tuliijadili darasani kama mada. Nakumbuka nilichangia hoja nzuri sana kuhusu mawasiliano ya serikali.

Rafiki yangu hakuwa na nafasi ya kuchangia hoja. Nilipompigia hatimaye, baada ya wiki zile tatu, ndipo aliponisimulia. Alikuwa Dar es Salaam mwezi ule. Alihama chumba mara mbili, na hakuna aliyekuwa amemshtaki. Alibadili laini ya simu. Alifuta picha zote, hata za kipaimara, kwa kuwa kwenye moja alikuwa amemshika mwenzake bega. Kuna kituo cha afya alichokuwa akipima na kupata ushauri bila kuulizwa maswali ya kumdhalilisha. Hicho alikuwa ameshakikosa mwaka uliotangulia, pale Februari 2017 wizara ya afya ilipovizuia vituo 40 nchini kutoa huduma za UKIMWI kwa makundi ya namna hiyo. “Nikaamua nisipime tena,” akaniambia. “Nisipojua, nitakuwa sina cha kuficha.”

Sentensi hiyo ilinichoma. Mimi ni mtu wa Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliogunduliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, wakazika, wakanyamaza, wakazika tena. Kama kuna mkoa uliolipa ada ya somo kwamba aibu haimponyi mgonjwa, ni wetu.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Anasema: kijana umesoma sana, hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna mila zetu. Haya, twende taratibu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu hakikutungwa na wazee wa Kishubi wala wa Kihangaza chini ya mti. Maneno yake, ya kuingiliana kinyume cha maumbile, yaliletwa na Waingereza, ambao walikuwa wameshayaandika India mwaka 1860. Sisi mwaka 1998, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, tukaongeza uzito: si chini ya miaka 30, na inaweza kufika maisha. India wenyewe, tarehe 6 Septemba 2018, Mahakama yao ya Juu ilisema watu wazima walioridhiana wasiguswe tena na kifungu kile.

Sasa simama Rusumo uangalie. Rwanda, ng'ambo ya daraja, haina sheria inayolifanya jambo hili kuwa jinai. Burundi haikuwa nayo hadi Aprili 2009, ikaweka kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Desemba 2023 Rais Évariste Ndayishimiye akaongeza la kwake: watu hawa wakusanywe uwanjani wapigwe mawe. Na upande wetu ni miaka 30. Watu ni wale wale, lugha zetu zinasikilizana, tunaoana, tunauziana ndizi na ng'ombe. Ng'ombe akivuka mto habadiliki kuwa mbuzi. Binadamu mmoja akivuka mto ule ule anatoka kuwa raia anakuwa mfungwa wa maisha. Hiyo ni mila ya nani?

Dini nayo naiheshimu. Nimebatizwa na nitazikwa kwa sala. Januari 2023 Papa Fransisko alipoulizwa na shirika la habari la AP alisema kuwa shoga si jinai, na katika mazungumzo yale yale akakumbusha kwamba kanisa lake linaliita tendo lenyewe dhambi. Alitenganisha dhambi na jinai. Mimi sitaki kukuamulia uamini nini. Ninachouliza ni kidogo zaidi: dhambi ya jirani inahitaji gazeti?

Basi turudi kwenye msiba, maana ndio ulionileta.

Rafiki yangu alinipigia alfajiri. “Mzee ametutoka.” Nikampa pole, nikamwuliza tunaondoka na basi la saa ngapi. Akasema yeye haendi. Baba yake mdogo ameandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba asikanyage, akikanyaga watazika wawili. “Nenda wewe, kaka. Unitupie udongo.”

Nikaenda. Geita, Biharamulo, ule msitu ambao zamani mabasi yalipita yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, Nyakahura, mpaka nyumbani. Nilifika jioni. Turubai limefungwa kwenye migomba, akina mama wako kwenye masufuria, wanaume wamekaa kwenye magogo na kibuyu cha pombe ya ndizi kinazunguka. Mtoto wa marehemu hakuulizwa na mtu. Kwenye msiba wa kijijini kwetu asipoonekana hata binamu wa tatu utasikia minong'ono. Asionekane mwana wa marehemu, watu wakae kimya? Nikajua wote wanajua.

Baba mdogo alinikaribisha vizuri sana. Akanikalisha karibu yake, akatoa simu. “Mwanangu, hii si wewe uliyeiandika?” Ilikuwa stori yangu ya fundi, imepigwa picha, imezunguka hadi imefifia. “Hongera sana. Umetufumbua macho. Tulipoisoma hii ndipo tukamwelewa na huyu wa kwetu. Mbona anafanana? Yuko mjini, hajaoa, nywele zenyewe kama ulivyoandika.”

Msomaji wangu, nilikuwa nimeshika kibuyu. Sikumbuki kama nilikunywa.

Nikamwambia, “Baba mdogo, ile stori ina kasoro.”

“Kasoro gani?”

“Mwenyewe sikuzungumza naye.”

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kitu cha kuchekesha. “Kwani kulikuwa na haja?”

Nilitakiwa kusema mengi pale. Nilitakiwa kusema kwamba huyo unayemfukuza alinibeba mgongoni. Sikusema. Nilimpitishia kibuyu aliyekaa kushoto kwangu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kahawa.

Kesho yake tukazika. Katekista alisali, ndugu wakapita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikatupa udongo mara moja, nikainama nikachukua tena, nikatupa mara ya pili. Baba mdogo aliona. Hakusema kitu, lakini tangu hapo kibuyu hakikunifikia tena. Kinazunguka, kikimfika wa karibu yangu kinageuzwa. Ni siku moja tu na nusu nimeonja hayo. Mwenzangu anaonja kila siku.

Asubuhi ya kuondoka mjane akaniita nyuma ya jiko. Ni mama mtu mzima, macho yamevimba, mkononi ana mfuko wa maharage.

“Ule udongo wa pili ulikuwa wa nani?”

Nikainamisha kichwa. “Wa kwake, mama.”

“Anakula?”

“Anakula, mama. Yuko salama.”

Akanipa ule mfuko. Kisha akatoa simu yake ndogo ya batani kutoka kwenye fundo la khanga. Shemeji yake alikuwa ameifuta namba ya mwanawe, na yeye hajui kuiandika. Akaniomba niirudishe. Nikaandika namba, nikafika pale simu inapouliza jina. Vidole vikasita. Simu hii wengine wataishika. Nikamwambia, mama, tumwandike jina jingine, tuseme fundi, au muuza mbegu, asije mtu akaifuta tena.

Akafikiri. Kuku walikuwa wanaparua miguuni petu.

“Hapana,” akasema. “Mwanangu ana jina. Andika jina lake.”

Nikaliandika.

Maharage niliyafikisha. Yule fundi cherehani bado namtafuta. Nimeuliza mitaa mitatu sasa, safari hii bila daftari. Nikimpata sitamhoji. Nitamwomba radhi, na kama atataka kuniambia jambo, nitasikiliza. Mhariri nimemweleza msimamo wangu: stori ya mtu ambaye sijazungumza naye, na ambaye stori yenyewe itamtoa chumbani kwake usiku, asinitume. Alikunja uso, lakini kazi bado ninayo.

Na wewe mwandishi mwenzangu unayesoma hapa, siku utakapoandika “jina tunalihifadhi,” rudi juu uisome stori yako yote tena. Uone umebakiza nini.

Tukijaaliwa, tuonane tena.